Kupamba Ndani ya Nyumba kwa Halloween: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, majani yakianza kugeuka rangi, maswali yaleyale hurudi kwetu Waswahili tunaoishi Marekani na Kanada: kwenye simu, nje ya kanisa, kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika. Mtoto katoka shule na popo wa karatasi mkononi, anauliza kwa nini kwa jirani kumepambwa na kwetu hakuna kitu. Hapa nimeyakusanya maswali hayo pamoja na majibu. Yanahusu ndani ya nyumba tu. Uani na barazani kuna mambo yake.

## Ya msingi

Halloween ni nini hasa, na mapambo yake yametoka wapi?

Ni mkesha wa Watakatifu Wote, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wakatoliki watautambua mara moja, kwa kuwa tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote na tarehe 2 ni Marehemu Wote. Kabla ya hapo watu wa Ireland na Scotland walikuwa na Samhain, sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya giza, na waliamini kwamba usiku ule wafu hutembea karibu na walio hai. Wairishi walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mizizi ya mviringo, na kuweka mwanga ndani yake. Makumbusho ya Taifa ya Ireland yanahifadhi umbo la plasta la tanipu moja ya namna hiyo, na mimi naona linatisha kuliko boga lolote. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, Wairishi wakakuta maboga, zao lenye asili ya bara hilohilo, makubwa na laini kuchonga.

Kupamba ndani ya nyumba kulikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walianza kufanya karamu za Halloween majumbani. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyokuwa ikiuza karatasi za krepu, zile nyembamba zenye mikunjo, ikaanza mwaka 1909 kutoa vijitabu vya kuwafundisha watu namna ya kupamba sebule na meza. Miaka ya 1920 kampuni ya Beistle ya Pennsylvania nayo ikaleta paka, wachawi na mifupa ya karatasi ngumu. Naitaja historia hii ili mjue kwamba mapambo ya ndani yalianza kwa karatasi, na mpaka leo karatasi nyeusi, mkasi na taa nzuri vinatosha kabisa. Anayewaambia kwamba bila dola 200 hakuna Halloween anawauzia kitu.

Je, ni lazima kupamba?

Hapana. Hakuna atakayekuuliza. Kwa mitaa mingi taa ya mlangoni ndiyo ishara: ikiwaka, watoto watagonga, ikizimwa, watapita. Unaweza kugawa pipi bila kupamba, na unaweza kupamba kwa ajili ya wanao bila kumfungulia mtu mlango.

Nianze lini, niondoe lini?

Wengi huanza wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, siku 10 za mwisho zinatosha, kwa sababu mtoto akikaa mwezi mzima na mifupa sebuleni haioni tena. Usiku wenyewe hautofautiani sana, lakini ulizia mtaani kwako: Des Moines, Iowa, ambako kuna ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi, kwa miaka mingi watoto walizoea kupita tarehe 30. Kuondoa, anza tarehe 1 Novemba, na kilicho hai au kilichokatwa kitoke kwanza (tazama sehemu ya maboga).

Nipambe chumba gani?

Kimoja. Au hata pembe moja: mlango wa kuingilia, meza ya chakula, au rafu ya televisheni. Mapambo yakitawanywa nyumba nzima, kidogo hapa kidogo pale, yanaonekana kama vitu vilivyosahaulika. Yakikusanywa mahali pamoja yanakuwa tukio. Chagua mahali ambapo mtu akiingia macho yake yatatua bila kuelekezwa.

Ni lazima iwe rangi ya chungwa na nyeusi?

Ndizo zilizozoeleka, chungwa ya mavuno na nyeusi ya usiku, na zambarau na kijani zimeongezewa. Lakini nyeusi na nyeupe peke yake hupendeza sana ndani, hasa kama samani zako zina rangi nyingi tayari.

## Mwanga

Nimenunua vitu vingi lakini sebule bado inaonekana ya kawaida. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara tatizo ni taa ya dari. Taa nyeupe ya dari inaanika kila kitu: fuvu linaonekana ni plastiki, utando wa buibui unaonekana ni pamba. Izime. Washa taa mbili tatu ndogo zilizowekwa chini, halafu tazama chumba kilivyobadilika kabla hujaongeza hata senti. Taa kwanza, vitu baadaye. Hilo ndilo ningependa msomaji alichukue hata kama hatasoma mengine.

Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, wa jua na wa dari. Mwanga ukitokea chini, vivuli vya pua na nyusi vinapanda, na sura tunayoijua inakuwa ngeni. Ndiyo maana taa ya betri iliyowekwa sakafuni nyuma ya kiti inafanya kazi kubwa kuliko mdoli wa bei mbaya aliyesimama chini ya taa kali.

Jaribu jambo hili na watoto. Kateni popo wa karatasi nyeusi, mumshike katikati ya taa ndogo ya LED na ukuta. Popo akisogea karibu na taa, kivuli kinakua mpaka kinajaza ukuta. Akisogea karibu na ukuta, kinapungua na kingo zake zinakuwa kali. Mtundikeni kwa uzi mwembamba mahali ambapo hewa ya hita inapita, naye ataruka chumba kizima usiku kucha. Gharama yake ni karatasi moja, na nimeona watoto wakiacha vitu vya dukani na kukaa na kivuli hicho saa nzima.

Kwa balbu za rangi, mbili zinatosha: chungwa sebuleni, zambarau au kijani kwenye korido. Rangi tatu chumba kimoja zinapigana. Na usifunike balbu wala kofia ya taa kwa kitambaa au karatasi ili upate rangi. Hata balbu unayoiona ya baridi hujaza joto ikifunikwa.

Mshumaa wa kweli au wa betri?

Wa betri, na hapa sisiti. Siku hiyo nyumba ina karatasi, shashi, majani makavu na watoto wenye mavazi marefu yanayoburuza. NFPA, shirika la Marekani la kuzuia moto, linashauri mishumaa ya betri au vijiti vya mwanga hata ndani ya boga, na linaonya hasa juu ya maua makavu, mabua ya mahindi na karatasi za krepu, kwa kuwa hushika moto upesi. Mishumaa ya betri ya siku hizi inayumbayumba kama ya kweli, na nusu hatua mbali huwezi kuitofautisha.

Kama kwa sababu yoyote utawasha mshumaa wa nta, uwe sentimita 30 au zaidi kutoka kwa chochote kinachoungua, juu ya kitu kizito kisichoanguka, na mtu mzima asitoke chumbani. Hita nayo iachiwe mita 1 pande zote. Pambo lisisogezwe kwenye jiko.

Naweza kuunganisha nyaya ngapi za taa?

Kwa taa ndogo za zamani, zile zinazopata moto, usipitishe nyaya tatu zilizoungwa mfululizo. Za LED zinavumilia zaidi, lakini soma boksi lake. Tafuta alama ya usalama, UL au ETL, kwenye waya. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, na isipite chini ya zulia, kwa sababu hapo ikichubuka hutaiona.

Nafanya kazi ya usiku. Nani atazima?

Nunua taa zenye saa ndani yake. Nyingi huwaka kwa muda wa saa 6 na kuzimika kwa muda wa saa 18, kisha zinarudia kila siku wakati uleule ulioziwasha mara ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba jua la Minneapolis linazama karibu saa 12 jioni, la Dallas kama nusu saa baadaye, kwa hiyo ziwashe mara ya kwanza saa 11 na nusu jioni, na watoto wakirudi kutoka kwa mlezi watakuta nyumba inawaka.

Kuna pambo la ndani linaloonekana na nje?

Vivuli vya dirishani. Kata umbo kubwa la karatasi nyeusi ngumu, paka, mchawi na ufagio wake, au mti usio na majani. Libandike kwenye kioo kwa ndani. Nyuma yake weka karatasi nyembamba ya rangi ya chungwa, kisha taa ya LED mbali kidogo. Mchana hakuna anayegundua. Giza likiingia mtaa mzima unaona. Kwa anayeishi ghorofa ya tatu hii ndiyo njia pekee ya kushiriki na mtaa.

## Maboga

Boga lililochongwa linadumu siku ngapi ndani?

Siku 3 hadi 5 kwa kawaida, na pungufu ya hapo hita ikiwaka sana. Boga zima lisilokatwa hukaa wiki nyingi. Kwa hiyo la ndani ningelipaka rangi au kuliacha zima, na la kuchonga ningelikata tarehe 29 au 30. Ukilichonga mapema litazama, litaota ukungu mweusi, na vijinzi vidogo vitahamia kwenye ndizi zako.

Ukitaka lisogee siku mbili tatu zaidi, lioshe kwa maji yenye jiki kidogo, kijiko kikubwa 1 kwa lita 4 hivi, liache likauke kabisa, halafu paka mafuta ya mgando kwenye kingo zilizokatwa. Usiku liweke mahali pa baridi. Chini yake weka sahani daima. Maji ya boga lililoanza kuoza huingia kwenye mbao na doa halitoki.

Nikate wapi, juu au chini?

Chini, au kisogoni. Kifuniko cha juu hunyauka na kutumbukia ndani. Ukikata tundu chini unalivika boga juu ya taa moja kwa moja. Komba nyama ya ndani upande wa uso mpaka ibaki kama sentimita 2 na nusu, hapo mwanga unapenya na kisu hakihangaiki. Tumia msumeno mdogo wa kuchongea unaouzwa pamoja na maboga kuliko kisu cha jikoni, kwa sababu kisu kirefu kikikwama na ukakivuta ndipo watu wanapojikata. Kazi ya mtoto ni kuchora uso na kutoa mbegu.

Je, linalika?

Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na ladha kidogo. Ukitaka futari, nunua yale madogo ya mviringo wanayotengenezea pai. Boga lililochongwa na kukaa nje ya friji lisiliwe, lakini mbegu zake ukizitoa siku ya kuchonga, ukaziosha, ukazikausha na kuzikaanga kwa chumvi, hazina mpinzani. Nasikitika sana kuona watu waliolelewa kwa mbegu za maboga wakizimwaga kwenye taka.

Boga la rangi ya feruzi lina maana gani?

Kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kwa ajili ya watoto wenye mzio. FARE, shirika la Marekani linaloshughulikia mzio wa vyakula, lilieneza jambo hili Marekani nzima mwaka 2014. Likiwa mlangoni, hakikisha kweli una stika, penseli au vijiti vya mwanga vya kugawa.

## Pesa na nyumba ya kupanga

Naweza kupamba kwa dola 20?

Ndiyo, na pakapendeza. Hivi ndivyo ningezigawa: karibu nusu iende kwenye taa, yaani waya mmoja wa LED wa rangi ya chungwa na pakiti ya mishumaa ya betri. Halafu karatasi ngumu nyeusi, pakiti moja ya utando wa buibui, na boga moja dogo. Maduka ya dola moja na ushei yana vyote hivi. Vingine viko nyumbani: chupa za jemu zilizooshwa na kuwekwa taa ndani, shuka nyeupe iliyochakaa, matawi makavu ya nje yaliyosimamishwa kwenye chupa.

Maduka ya msimu, kama Spirit Halloween inayofungua kwenye majengo matupu kila mwaka, ni mazuri kwa kupeleka watoto kutazama. Kununua, subiri tarehe 1 Novemba, wakati bei zinashuka sana, kisha weka kwa mwaka unaofuata. Goodwill na maduka mengine ya mitumba nayo huanza kuyatoa mapambo Septemba.

Utando wa buibui wangu unaonekana kama pamba iliyomwagika. Nifanyeje?

Umeutumia mwingi. Chukua kipande kama ngumi, kinase kwenye kona moja, halafu vuta, vuta, vuta, mpaka unaona ukuta nyuma yake. Pakiti moja inatosha chumba kizima. Anzia kwenye pembe ambazo buibui mwenyewe angechagua, kona ya rafu, kati ya kinara na ukuta, mgongo wa kiti. Buibui mmoja mkubwa kwenye utando mmoja mzuri anashinda buibui 30 wa plastiki.

Mwenye nyumba amekataza misumari. Nitundike vipi?

Tumia tepu ya buluu ya wapaka rangi. Haiachi alama ikiondolewa ndani ya wiki moja mbili. Kwa vitu vizito kidogo kuna vikulabu vya Command vyenye gundi, unavuta ulimi wa gundi yake kwenda chini taratibu kandokando ya ukuta wakati wa kuvitoa. Ukiuvuta kuja kwako unang'oa rangi. Popo na mizimu wa karatasi watundikwe kwa mshipi wa kuvulia samaki, kwa kuwa hauonekani gizani. Zile stika laini za mpira zikae kwenye vioo tu. Kwenye ukuta uliopakwa rangi huacha mafuta, na amana yako inapungua.

Kuna sehemu tatu zisiguswe hata kidogo: vichwa vya maji ya kuzimia moto kwenye dari, kengele ya moshi, na mlango wa kutokea pamoja na njia yake. Korido ya jengo si yako, kwa hiyo vikapu na mifupa visiwekwe nje ya mlango.

Yule mdoli mkubwa wa mifupa anayeuzwa Home Depot, duka la vifaa vya ujenzi, ataingia sebuleni?

Hapana. Ana futi 12, karibu mita 3.7, na dari za nyumba nyingi hapa ni futi 8 au 9. Ameundwa kwa ajili ya nje.

Mashine ya ukungu inafaa ndani?

Sebuleni siipendekezi. Ukungu wake huamsha kengele za moshi, na mtu akiizima kengele kwa ajili ya sherehe husahau kuiwasha tena. Sakafu nayo inateleza. Barafu kavu ni jambo la tahadhari zaidi: ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi ikishikwa bila glavu, ikifungiwa kwenye chombo kilichozibwa inalipuka, na hewa ya kaboni inayotoa hujikusanya chini kwenye chumba kilichofungwa, mahali ambapo watoto wanapumulia. Kama ni lazima, iwe kipande kidogo, kwenye bakuli kubwa lisiloguswa na watoto, dirisha wazi, na isiingie kwenye glasi ya mtu.

Badala yake tumia harufu na sauti. Sufuria ya maji yenye maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu ikichemka taratibu wakati uko jikoni, na sauti ya upepo au mlango unaolia kwa mbali kwenye spika, humfanya mgeni ajisikie kaingia mahali pengine.

## Watoto na wanyama

Kiasi gani cha kutisha ni sawa kwa mtoto?

Mwulize yeye, na mpe kazi. Mtoto wa miaka mitatu aliyekata mzimu kwa mkono wake haogopi mzimu huo. Anayeamka usiku akakuta kitu kipya kimesimama kwenye korido ataogopa hata kikiwa kidogo. Kwa hiyo: vipambwe mchana, mbele yake, pasiwe na kitu kinachoshtuka chenyewe chenye kihisio, na njia kutoka kitandani kwake mpaka chooni na kwako ibaki kama ilivyo siku zote. Akisema "toa hiki," kitoke wakati huohuo, bila kumcheka na bila kumlinganisha na kaka yake.

Kuna hatari gani nisiyoiona?

Betri za kifungo, zile bapa zinazong'aa kama sarafu. Zimo kwenye mishumaa ya betri, pete zinazowaka, kadi zinazotoa sauti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2, naye akaonekana kama ana kikohozi tu. Sheria ya Reese ya mwaka 2022 inataka Marekani vyumba vya betri hizi vifungwe ili mtoto asiweze kuvifungua, lakini vitu vya zamani na vya mitumba havikutengenezwa chini ya sheria hiyo. Kagua kila kimoja kama kina skrubu. Ukishuku tu kwamba ameimeza, nenda hospitali ya dharura mara moja, usingoje dalili.

Puto zilizopasuka na macho madogo ya plastiki yasikae chini. Paka hutafuna utando na nyaya nyembamba. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, hivyo bakuli la pipi likae juu.

## Imani, wageni na msiba

Sisi hatusherehekei kwa sababu za dini, lakini mtoto anataka nyumba ipendeze. Tufanyeje?

Msimamo wenu ni wa kuheshimiwa, na wapo wengi, Waislamu na Wakristo, wenye msimamo huo. Pambeni mavuno. Maboga mazima, mahindi makavu ya rangi, majani mekundu ya mti wa mepo (maple) yaliyokaushwa ndani ya kitabu, kikapu cha matofaa, taa za rangi ya chungwa. Hakuna fuvu wala mchawi, na nyumba inawaka. Faida nyingine ni kwamba kwa Marekani mapambo hayo yanafika mpaka Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Walio Kanada wanaanza nayo mapema, maana Shukrani yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Makanisa mengi nayo hufanya sherehe ya mavuno usiku huohuo, mtoto akapata pipi na wenzake.

Anayeona kwamba Watakatifu Wote na Marehemu Wote vina maana kwake anaweza kuweka picha za babu na bibi na mshumaa wa betri kwenye rafu. Hilo ni la Kikristo kabisa na halihitaji kutisha.

Bibi amekuja kutoka nyumbani na hataki bundi ndani ya nyumba.

Basi bundi atoke. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki bundi akilia juu ya paa ni habari ya kifo, na kumwambia mama wa miaka 75 kwamba "hapa ni urembo tu" hakumwondolei alichokibeba tangu utotoni. Kama ni kazi ya mtoto ya shule, ihamie chumbani kwake mwenyewe. Kabla ya kupamba, mweleze bibi mara tu baada ya shikamoo: mama, kutakuwa na hiki na hiki, ni mchezo wa watoto, kipi kikusumbuacho? Mara nyingi atakubali maboga na taa, na ndiye atakayekaanga mbegu.

Kuna watu nyumbani waliopitia vita. Tuweke mipaka gani?

Hili naliweka wazi kwa sababu maduka hayafikirii. Miili iliyofungwa kwenye mifuko, mikono iliyokatwa, damu ukutani, alama za viganja vyekundu kwenye pazia la bafu: kwa aliyetoka Kivu au Bujumbura wakati mbaya, vitu hivyo si mchezo. Visiingie ndani, hata kama vijana wanasema ni vya kuchekesha. Sauti za mlipuko na vilio pia visitumike. Popo, paka, mwezi, maboga na utando vinatosha kwa sikukuu nzima.

Na mwambie mtu huyo mapema kwamba usiku wa tarehe 31 watu watagonga mlango mara nyingi, wamevaa vinyago. Kwa wengine mlango ndio mgumu kuliko mapambo. Zima taa ya nje, keti naye.

Tuna msiba. Tupambe?

Kama mtoto anaomba, mpeni boga moja apake rangi. Mengine yangoje mwaka ujao. Makaburi ya plastiki na majeneza yasiletwe kwenye nyumba iliyofiwa, na ukiwa jirani wa waliofiwa na mnatumia mlango mmoja, yako pia yaondoe.

## Hali za pekee

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na nimeambiwa nipambe. Nizingatie nini?

Wenye ugonjwa wa kusahau wanaweza kumwona mdoli kama mtu aliyeingia, na kivuli sakafuni kama shimo. Kwa hiyo ushauri wa kuzima taa ya dari hapo juu hauhusu huku. Mwanga ubaki kamili, sakafu ibaki tupu, na pambo liwe la mavuno kama lilivyoelezwa kwenye swali la dini. Wazee wengi wa Kimarekani walikua na paka na maboga ya karatasi ya miaka ya 1940 na 1950. Mkikata pamoja mezani watakusimulia, na mikono yao inakumbuka mkasi.

Naishi chumba kimoja na wenzangu watatu. Inawezekana?

Ndiyo: dirisha. Rudi kwenye swali la vivuli vya dirishani. Hakuna atakayepoteza nafasi.

Niko Nairobi au Dar es Salaam, mtoto anasoma shule ya kimataifa na ameombwa apambe nyumbani.

Karibu yote hapo juu yanafaa, kwa mabadiliko machache. Boga la sokoni kwetu mara nyingi lina ganda gumu la kijani au kijivu, na kulichonga ni kazi ya mtu mzima mwenye subira. Rahisi zaidi ni kuchora uso kwa chaki nyeupe, na kesho yake, kwa kuwa halikukatwa, linaoshwa na kupikwa kwa nazi. Ukilichonga Dar, lichonge siku hiyohiyo, maana joto halilisubiri hata siku mbili. Giza linaingia karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na umeme ukikatika mapambo ya betri yanaendelea.

Wajulishe majirani na dada wa kazi kabla ya kutundika fuvu, kwa sababu ambaye hajawahi kusikia sikukuu hii ana haki ya kushtuka akilikuta mlangoni. Popo na boga la karatasi kwenye mlango wa chumba cha mtoto linamtosha mwalimu, picha ikapigwa, na boga halisi likaenda jikoni.